Kabla hujanunua poda ya mizizi

Wateja wengi wanaokuja kitaluni kwangu swali lao la kwanza ni poda gani nzuri ya kuotesha mizizi, na mimi huwa nawarudisha nyuma kidogo. Hiyo poda ni homoni, ya jamii ya oksini, na mmea tayari unatengeneza oksini yake wenyewe, hasa kwenye ncha ya juu na majani machanga, halafu inashuka kupitia shina. Ukikata pingili ya bogenvilia au mforosadi oksini inaendelea kushuka ila inakwama pale ulipokata, inajikusanya, na baadhi ya seli za pale zinaacha kazi yake ya zamani zinaanza kugawanyika mpaka zinakuwa mzizi. Kwa hiyo ukiotesha pingili laini usinyonyoe majani yote jamani! Toa ya chini, acha mawili matatu juu, kama ni makubwa yakate nusu yasipoteze maji. Na usipande kichwa chini, maana hata ukiigeuza pingili oksini inafuata njia yake ya asili. Mimi juu nakata bapa, chini nakata mshazari, hapo hakuna kuchanganya.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui, oksini hiyohiyo inayoanzisha mizizi ikizidi inauzuia mzizi usirefuke. Seli za mzizi zinataka kidogo sana, kidogo mno kuliko za shina. Angalia mzizi unavyojua kwenda chini: kwenye ncha yake kuna seli zenye punje za wanga, ukilaza mche zile punje zinatua upande wa chini, oksini inapelekwa huko, seli za upande huo zinapunguza kasi ya kurefuka wakati za juu zinaendelea, basi mzizi unapinda kuelekea chini. Kwenye shina ni kinyume, oksini ikijaa chini seli za chini ndo zinarefuka zaidi, shina linainuka. Hili linanifurahisha mpaka leo.

Kwa hiyo usirundike poda. Soma kopo, zile zenye IBA (ndiyo oksini iliyomo kwenye poda) asilimia 0.1 ni za pingili laini, 0.3 za zilizoanza kukomaa, 0.8 za mti mgumu. Chovya, kung'uta, na toboa shimo kwa kijiti kwanza ili poda isifutike ukichomeka.

Halafu udongo, na hapa ndo naomba mnisikilize. Mizizi inatoa ethilini, homoni ambayo ni gesi, na udongo ukishindiliwa gesi haipati pa kutokea, inabaki palepale na kuuambia mzizi uache kurefuka, unanenepa tu. Utafiti uliotoka 2021 ulionyesha mpunga usioitikia ethilini unapenya vizuri udongo ulioshindiliwa, yaani nguvu mzizi ulikuwa nayo, ni homoni iliyousimamisha. Changanya mchanga na pumba za mpunga zilizochomwa, jaza kiriba, gongagonga chini kidogo, basi, usikandamize kwa ngumi.

Na bomba la kupulizia dawa. 2,4-D, ile dawa ya magugu ya majani mapana, ni oksini ya kiwandani, inaua kwa kuvuruga ukuaji wa mmea. Bomba lililopigia dawa hiyo shambani lisiingie kitaluni hata ukilisuuza, nunua la pili la miche.