Simu ya kuzungusha: usiisome kitako peke yake

Juzi kijana wa jirani hapa Ngamiani, Tanga, aliniletea simu nyeusi ya marehemu babu yake. "Shikamoo mzee. Chini imeandikwa 332. Kwa hiyo vyote vilivyomo ndani ni vya 332?"

Marahaba, mwanangu, hapana. Namba hiyo ni ya aina ya simu: Waingereza waliitoa miaka ya 1930, ganda lake bakelaiti. Lakini simu hizi zilikuwa zikirudishwa karakana, zinafunguliwa, zinapachikwa kipuri kilichopo. Tulipogeuza diski ya namba, nyuma yake pamegongwa 56, yaani mwaka 1956. Diski ni changa kuliko ganda. Kila kipuri kina maandishi yake. Soma kimoja kimoja.

Kinachowapoteza wengi ni vile vidude viwili vya mviringo ndani ya mkonga, cha kusemea na cha kusikilizia. Mimi mwenyewe niliwahi kutupa cha kusemea nikidhani kimekufa, na hadi leo kinaniuma. Ndani yake mna chembe za kaboni. Simu ikikaa kabatini miaka mingi, chembe hugandamana kwa unyevu, sauti ikapotea. Siku hizi nakishika mkononi, nakigonga taratibu mezani, naweka mita ya umeme upande wa omu, yaani kipimo cha ukinzani. Nikikitikisa namba zikipanda na kushuka, hicho ndicho cha kusemea, na kingali hai. Cha kusikilizia hakibadiliki: usomaji umetulia, na ukigusisha waya za mita utasikia "tk" ndogo. Kwenye simu za Kiingereza cha kusemea mara nyingi kina namba 13. Ukikiona, kitunze.

Kengele haina shida, koili zake mbili na vikombe vyake vinajitambulisha. Kapasita ndiyo huonekana kama kibati kisicho na kazi, watu wakaing'oa. Usithubutu. Ndiyo inayopitisha umeme wa kupigisha kengele huku ikizuia ule wa laini, la sivyo mitambo ya kampuni ya simu ingedhani umeshanyanyua mkonga. Ukiipima kwa mita ya sindano, kama ni nzima sindano huruka kidogo kisha hurudi.

Diski nayo isikilize. Ikirudi yenyewe hukata laini mara 10 kwa sekunde, hivyo sifuri, yenye mikato 10, huchukua kama sekunde moja. Ikivuta miguu, tatizo huwa ni mafuta yaliyoganda kwenye gavana, kile kidude chenye vizito viwili vinavyozunguka. Usiongeze mafuta ya cherehani juu ya uchafu, safisha kwanza.

Na huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma. Waya za shaba zinaota kutu ya kijani kwenye skrubu. Kabla hujalegeza hata moja, piga picha, andika namba ya kila skrubu na rangi ya waya wake. Kisha pamba na spiriti. Msasa uache kabisa kwenye kontakti, zile ncha za chuma zinazogusana, unakula madini yaliyopakwa juu.