Bibi Akimwita Mjukuu Mwizi: Namna ya Kumweleza Mtoto Ugonjwa wa Kusahau

Mama mmoja ameniandikia wiki hii. Mama mkwe wake ameletwa mjini kutoka kijijini kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau. Siku moja noti yake ya shilingi elfu kumi ikapotea, akamshika mjukuu wa miaka sita: "Wewe ndiye mwizi." Baba mtu akamchapa mtoto. Siku ya tatu, wakati wa kufua, noti ikakutwa ndani ya foronya ya bibi mwenyewe. Tangu hapo mtoto haingii chumba kile, na asubuhi anapita mlangoni bila kuamkia. Mama anauliza: nimwambie nini?

Tuanze na jina la ugonjwa, maana hapo ndipo familia nyingi zinakosea. Tunawaambia watoto "ni uzee tu" au "bibi amerudia utoto." Mtoto akiambiwa ni uzee, anaanza kumtazama babu yake mwingine, mzima kabisa, akisubiri naye aanze kupotea njia ya chooni. Akiambiwa bibi amerudia utoto, anashangaa kwa nini mtoto huyu mkubwa akitukana hachapwi na yeye anachapwa. Ugonjwa huu wa kusahau, kitaalamu dimensia, ni hali inayoletwa na magonjwa ya ubongo, na linaloongoza ni lile alilolieleza daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, ambalo ndilo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Wazee walio wengi hawalipati. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu wenye miaka 70 na zaidi, ulikuta wagonjwa takriban 6 katika kila 100. Mwambie mtoto hivyo hivyo: wazee wengi hawaugui, bibi yetu anaugua.

Mtoto wa miaka mitatu hadi saba anahitaji sentensi nne, zisemwe bila kunong'ona: "Bibi ana ugonjwa kwenye ubongo. Unamfanya asahau na achanganye mambo. Hauambukizi. Hukuuleta wewe." Ya tatu ni lazima, kwa sababu mtoto amezoea kwamba mwenye mafua hakaribiwi na kikombe chake hakitumiwi. Ya nne ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo nzito kuliko zote. Mtoto wa umri huu anaamini hasira yake ina nguvu. Kama aliwahi kumwambia bibi "sikutaki," anaweza kubeba moyoni miezi mizima kwamba yeye ndiye aliyemharibu, na hatakwambia. Usingoje aulize. Iseme leo, irudie wiki ijayo, irudie tena bibi atakapozidiwa.

Mtoto aliyekwisha kujua kuandika anaweza kuonyeshwa. Tafuta daftari la zamani ambalo kurasa za mwanzo zimejaa maandishi, na kalamu iliyokwisha wino. Mfungulie ukurasa wa kwanza: "Hapa bibi ni msichana, anachota maji kisimani. Hapa anaolewa. Hapa baba yako anazaliwa. Unaona yalivyoandikwa vizuri?" Kisha mfungulie ukurasa mweupe, mpe ile kalamu kavu, mwambie aandike jina lake. Atabonyeza, ataona mkwaruzo tu. "Asubuhi ulimwambia bibi umeng'oka jino. Alikusikia, akafurahi, lakini kalamu yake haina wino. Ndiyo maana amekuuliza tena kama jino linauma." Si hadithi ya kumbembeleza. Katika ugonjwa wa Alzheimer, miongoni mwa sehemu zinazoshambuliwa mapema ni hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuandika mambo mapya kwenye kumbukumbu. Ndiyo sababu bibi anakumbuka harusi ya miaka hamsini iliyopita na hakumbuki kama amekula. Usimchanie mtoto kurasa za daftari ili kumwonyesha ugonjwa unavyoendelea. Kalamu imetosha.

Hapo mtoto atasema: "Tumnunulie kalamu nyingine." Usimwahidi. Dawa zilizopo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, haziponyi. Mwambie: "Madaktari bado wanaitafuta. Sisi kazi yetu ni kumsomea zile kurasa zilizoandikwa."

Sasa lile jambo tunalolifanya sote, na linaumiza watu wawili kwa mara moja: kumsimamisha mtoto mbele ya bibi na kuuliza, "Bibi, unamjua huyu? Huyu nani?" Bibi anaaibika kwa kukosa jibu, mtoto anajifunza kwamba hapendwi. Acheni mtihani huo leo. Mfundishe mtoto kujitaja mwenyewe kila anapoingia: "Shikamoo bibi, ni mimi Salima, mtoto wa Hamisi." Salamu iliyotamkwa maisha yote imekaa ndani sana, na wagonjwa wengi waliosahau majina ya watoto wao bado wanajibu "marahaba" bila kusita. Mtoto akiisikia marahaba yake, ameonwa. Asimame mbele, si nyuma wala ubavuni, asogee hatua mbili, angoje. Akihesabu kimya kimya hadi kumi kabla ya kurudia maneno, bibi anapata nafasi ya kuyashika.

Akiitwa jina la mtu mwingine, mara nyingi ni jina la baba yake au shangazi yake, kwa sababu bibi anaishi katika miaka ambayo watoto wake walikuwa na kimo kile. Jambo hili tunaweza kulieleza kwa urahisi. Nyumba nyingi zina mtoto aliyepewa jina la bibi, na baba yake anamwita "mama" tangu akiwa mchanga, naye anaitika bila kuona ajabu. Mwambie mtoto: "Bibi amekuona kama baba yako alivyokuwa. Itika tu." Asimsahihishe. Akisema "mimi si Hamisi!" mara tatu, bibi atahisi amekosea bila kujua kosa lenyewe, na aliyechanganyikiwa huishia kuogopa au kukasirika.

Tuje kwenye wizi. Tuhuma hii inajirudia nyumba kwa nyumba kwa sababu moja. Mgonjwa anaogopa kuibiwa, anaficha pesa, kisha anasahau kwamba ameficha. Anachojua ni kwamba pesa haipo, na aliyepita mwisho ni mtoto. Mtu mzima aingie kati hapo hapo. Mbele ya mtoto na bibi pia, sema: "Mama, tutaitafuta pamoja." Usibishane, usiapize. Kisha mtoe mtoto nje na umwambie wazi, "Najua hukuchukua." Tafuta kwenye foronya, chini ya godoro, pindo la kanga, ndani ya viatu, ndani ya gunia la mchele, ndani ya khanga zilizokunjwa kabatini. Maficho ya mgonjwa hujirudia, yaandike. Mwachie pochi yenye noti ndogo ndogo chache, nyingine uzitunze wewe. Pochi ikipotea, hasara ni ndogo na kuipata ni rahisi. Na usimtume mtoto peke yake chumbani mwa bibi kuchukua kitu.

Kuna utani pia. Babu anayemwita mjukuu "mke wangu" na bibi anayemwita "mume wangu" ni desturi yetu nzuri, na mtoto anaipenda kwa sababu anajua ni mchezo. Ugonjwa unaweza kuufuta mpaka huo. Babu anaweza kuamini kweli kwamba msichana yule ni mkewe, au akavua nguo sebuleni, au akamshika mtu pasipostahili, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayozuia matendo imeumia. Mtoto apewe ruhusa iliyo wazi: ukiona hivyo, ukiguswa usivyopenda, ukipigwa, ondoka, njoo uniite, hutakuwa umemkosea adabu babu. Rudia hayo maneno ya mwisho, kwa sababu watoto wetu wamelelewa kutomkatalia mkubwa kitu, na watabaki wamesimama. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto aliyezoea kulala kitanda kimoja na bibi ahamishwe mara dalili za usiku zinapoanza: kuamka akidhani ni asubuhi, kufungua mlango, kupiga akishtuliwa. Mhamishe kwa maneno ya ugonjwa, "usingizi wa bibi umeharibika," asije akadhani amefukuzwa.

Mtoto asifanywe mlinzi. Akimwona bibi anatoka getini au anawasha jiko, kazi yake ni moja, kuita mtu mzima. Asimfuate barabarani. Kiberiti, mafuta ya taa na dawa vifungiwe na wakubwa.

Kinachorudisha mapenzi ni kazi ya mikono. Wapeni ungo mmoja na vikombe viwili vya mchele wachambue, mkeka chini, asubuhi, dakika kumi na tano hadi ishirini. Jioni wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi, huo si wakati wa kuwakutanisha. Mikono ya bibi inakumbuka kupeta hata kichwa kikisahau, na mtazame mtoto anavyoitazama: vidole vinasukuma jiwe ukingoni, ungo unapaa kidogo, makapi yanatoka, yeye akijaribu mchele unamwagika. Kwa dakika hizo bibi ndiye fundi tena. Kukunja kanga kunafaa, kumenya karanga kunafaa. Hadithi nayo: mtoto aseme "Paukwa!" na angoje. "Pakawa" ikija, aendelee; hadithi ikikatika katikati au ikirudi mwanzo, hakuna ubaya. Epuka michezo ya kuuliza maswali na ile yenye kushinda na kushindwa.

Mtoto akilalamika, "Kesho atakuwa amesahau kwamba tulicheza," mjibu kwamba furaha inabaki. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za kusikitisha na za kufurahisha. Walisahau walichokiona, lakini hisia zikaendelea kuwa nao.

Halafu kuna maneno ya mtaani. Kwetu mwanamke mzee anayezungumza peke yake na kutembea usiku anaitwa mchawi, na wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, Kanda ya Ziwa huku kwetu na Kilifi na Kisii kule Kenya. Mtoto wako atalisikia neno hilo shuleni. Mpe jibu kabla hajahitaji, mfanye alitamke kwa sauti mara tatu nyumbani: "Bibi yangu anaumwa ubongo. Anasahau. Hauambukizi." Mwambie na mwalimu wa darasa. Na wewe mwenyewe usiseme hata kwa mzaha kwamba bibi "ana mambo yake." Watoto wanasikia kila kitu.

Jambo moja lisielezwe bali lipelekwe hospitali: mabadiliko ya ghafla. Dimensia nyingi hushuka polepole, kwa miezi na miaka. Bibi aliyechanganyikiwa sana ndani ya saa au siku chache anaweza kuwa na malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, ukosefu wa maji, au dawa mpya iliyomkataa. Hayo yanatibika. Na kama hajawahi kupimwa kabisa, apimwe, maana upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni iliyolegea na sonona kali navyo huleta usahaulifu.

Kwa mama aliyeniandikia: mtoto wako ana deni la kulipwa kabla ya maelezo yoyote. Baba aliyemchapa ndiye aseme, mbele ya ndugu zake wale wale walioshuhudia: "Hukuiba. Pesa ilikuwa kwenye foronya. Nilikosea." Baada ya hapo zile sentensi nne. Usimlazimishe kuingia chumbani. Mkeka utandikwe barazani, bibi akae upande mmoja na ungo wake, wewe katikati, na mtoto achague mwenyewe akae umbali gani.