Maswali na Majibu: Ushuru Ukifutwa, Makaratasi Hubaki

Barua nyingi nilizopokea baada ya makala ya Uingereza na Umoja wa Ulaya zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, nchi inaweza kuuacha umoja wa kisiasa ikabaki na biashara huru peke yake? Inaweza. Gharama yake ndiyo ambayo wengi hawapendi kuiuliza.

Mwalimu wa sekondari, Masasi: Ikiwa bidhaa za Uingereza bado zinaingia Ulaya bila ushuru, nchi hiyo ilipoteza nini kwa kujitoa?

Waingereza walipiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakataka kutoka, na nchi ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Mkataba wa biashara ulikubaliwa tarehe 24 Desemba mwaka huo, wiki moja kabla ya kipindi cha mpito kwisha, nao ni kweli kwamba ulifuta ushuru na ukomo wa kiasi cha shehena. Lakini uliufuta kwa bidhaa zinazothibitika kuwa zimetoka Uingereza au Ulaya. Mfanyabiashara anayeagiza nguo China, akaziweka ghalani Uingereza kisha akaziuza Ireland, anadaiwa ushuru, kwa sababu kulala ghalani hakubadilishi uasili wa bidhaa. Muuza samaki wa Scotland, ambaye zamani alipakia lori na kuliondosha, sasa anahitaji tamko la forodha na cheti cha afya. Mabenki ya London yalipoteza haki ya kuuhudumia Umoja mzima kwa leseni moja. Tena kuna Ireland ya Kaskazini, sehemu ya Uingereza iliyo katika kisiwa kimoja na Ireland, mwanachama wa Ulaya: kwa kuwa hakuna aliyetaka vizuizi virudi ndani ya kisiwa, eneo hilo liliendelea kufuata kanuni za Ulaya kuhusu bidhaa, na ukaguzi ukahamia kati yake na sehemu nyingine za Uingereza, yaani ndani ya nchi ile ile iliyodai kuyarudisha mamlaka yake nyumbani. Mwaka 2023 ilibidi mapatano hayo yalegezwe.

Msomaji wa Nachingwea: Eneo huru la biashara na umoja wa forodha vinatofautianaje?

Nimelijibu swali hili mara nyingi, kwa hiyo naomba safari hii lihifadhiwe. Katika eneo huru la biashara wanachama hawatozani ushuru, lakini kila mmoja hujipangia ushuru wake kwa bidhaa za nje. Katika umoja wa forodha ushuru huo wa nje huwa mmoja kwa wote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni umoja wa forodha tangu 2005, na SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ni eneo huru la biashara tangu 2008.

Mfanyabiashara, Lindi mjini: Kwa nini Uingereza haikuifuata njia ya Norway?

Swali zuri, hasa kwa kuwa Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoanzisha Jumuiya ya Biashara Huru ya Ulaya, EFTA, mwaka 1960, ikaiacha mwishoni mwa 1972 ili kuingia katika jumuiya ambayo baadaye iliikimbia. Leo EFTA imebaki na Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein. Wananchi wa Norway waliukataa uanachama wa Ulaya mwaka 1972 na tena 1994, lakini nchi yao imo tangu 1994 katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, mapatano yanayoiingiza katika soko la Umoja bila kuwa mwanachama. Sera za pamoja za kilimo na uvuvi haziwahusu, jambo ambalo wavuvi wao wanalithamini. Kwa upande mwingine wanachangia fedha, wanawapokea wafanyakazi kutoka Umoja mzima, na wanaziingiza katika sheria zao kanuni za soko ambazo hawakuzipigia kura. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeahidi kukomesha uhuru wa watu kuhamia kazini, kwa hiyo njia hiyo ilijifunga yenyewe. Uswisi ililikataa Eneo hilo mwaka 1992 na tangu hapo imekuwa ikijadili mkataba mmoja mmoja, kazi inayohitaji wanasheria wengi na subira kubwa. Wanaotuhubiria kwamba mapatano mepesi ndiyo rahisi wangeanza kwa kuisoma mikataba hiyo.

Mnunuzi wa mazao, Nanyumbu: Msumbiji na sisi sote tuko SADC. Je, naweza kuvusha korosho za huko kwenye daraja la Mtambaswala na kuziuza kama za Tanzania?

Hapana. Korosho iliyoota Msumbiji ni ya Msumbiji hata ikipimwa kwenye mizani ya Mtwara, na cheti cha uasili kitakachosema vinginevyo ni cha uongo. Ukitaka kuziingiza, pita forodhani na uwaulize Bodi ya Korosho kabla ya kununua. Anayechanganya magunia kwenye ghala la chama cha msingi anawaharibia wakulima wote wa ghala hilo, kwa sababu mnada huuza ubora wa shehena nzima. Kama nia yako ni kuzibangua hapa, swali la uasili linakuwa jingine, na kila mkataba una kanuni yake. Ingefaa tulijadili hilo kwa bidii kuliko tunavyojadili njia mpya za kupitisha korosho ghafi.

Mstaafu, Kilwa Masoko: Je, Muungano wetu nao ungeweza kugeuzwa kuwa mapatano ya biashara, kama walivyofanya Waingereza?

Mfano huo haufanani na jambo lenyewe. Wanachama wa Ulaya ni dola zilizounganishwa na mkataba, kila moja ina kiti chake Umoja wa Mataifa, na Kifungu cha 50 kinaeleza namna ya kutoka. Muungano wa 1964 uliunda Jamhuri moja. Mstaafu wa umri wako anayetaka mfano wa karibu aikumbuke Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967, iliyokuwa na reli, bandari, posta na shirika la ndege vya pamoja. Ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi 1983, na mali ziligawanywa kwa makubaliano ya 1984. Waliotunga mkataba wa Jumuiya ya sasa walijifunza: Kifungu cha 145 kinamtaka anayetoka apate theluthi mbili ya wabunge wake na atoe notisi ya miezi kumi na miwili. Wengi wanaoniandikia kwamba tujitoe kesho hawajakisoma.

Mwanafunzi, Mtwara: Uingereza inaweza kurudi?

Inaweza, kwa kuomba upya kama mgeni.

Kikundi cha akina mama wabanguaji, Newala: Tunataka kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Mkataba upi unatufaa?

Dada zangu, anzeni na mnunuzi. Akiwa Kenya, mnahitaji cheti cha uasili cha Afrika Mashariki, na kwa shehena isiyozidi dola 2,000 upo utaratibu rahisi wa cheti kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Akiwa Afrika Kusini, ni cha SADC. Akiwa Ulaya, Tanzania bado inaingiza bila ushuru kama nchi yenye maendeleo duni, lakini hiyo ni hisani ya Ulaya, haidumu nchi ikishapanda daraja. Kenya, isiyo katika kundi hilo, ilisaini mkataba wake yenyewe na Ulaya Desemba 2023, baada ya sisi kukataa mwaka 2016 kuusaini ule wa Afrika Mashariki nzima. Kwa vyovyote, jazeni cheti kabla mzigo haujapakiwa.