Uliza Fundi: Lile gemu la ndege lililoachwa kwenye kaseti ya njano

SWALI: Shikamoo mzee. Nimekulia Uyole. Jirani yetu alikuwa na banda la gemu, TV ya chogo na kaseti moja ya njano iliyojaa magemu. Sote tulikuwa watu wa Contra na Mario. Ila mle ndani kulikuwa na jingine: kandege kanaenda kulia angani, chini ya skrini kuna visanduku vya maandishi, na mwisho wa steji ya kwanza milima miwili inatema mawe. Simkumbuki hata mmoja aliyevuka pale. Linaitwaje? Na lilikuwa gumu kweli, au sisi hatukulijua?
Msomaji, Tunduma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo ni Gradius, na umenifurahisha sana kulikumbuka. Walilitengeneza Konami wa Japani, haohao wenye Contra. Lilitoka mwaka 1985 kwenye mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, na mwaka 1986 likaingia kwenye Famicom ya Nintendo, ile mashine iliyokuja kuigwa na hizi za bei nafuu tulizochezea huku kwetu. Kandege kenyewe kana jina, kanaitwa Vic Viper. Huko Japani ni gemu la heshima kubwa. Hapa Mbeya lilipitwa, na mimi niliyekaa Mwanjelwa nikitengeneza pedi na kutazama vijana wakicheza, najua lilipitwa kwa nini.

Ni sheria ya banda: ukifa, pisha. Contra mnaingia wawili kwa mpigo, mnalindana, na ukifa unadondoka palepale ulipokuwa. Gradius linachezwa kwa kupokezana, mmoja akiwa hewani mwenzake anasubiri. Halafu ukifa unavuliwa kila kitu. Spidi, makombora, leza, vyote vinakwenda, unarudishwa nyuma na chombo kitupu na maadui ni walewale. Kijana aliyesubiri zamu yake tangu mchana hawezi kulipenda gemu la namna hiyo. Akishika pedi anarudi Contra, na simlaumu.

Sasa hivyo visanduku, ambavyo kwangu ndivyo utamu wenyewe. Viko sita, kwa mpangilio huu: spidi, kombora, risasi mbili, leza, opsheni, na cha mwisho chenye alama ya kuuliza, ambacho ni ngao. Ukimaliza kundi zima la maadui wanaokuja kwa mstari, wanaacha kidonge chekundu. Kila kidonge kinasogeza taa kisanduku kimoja mbele. Ukibonyeza kitufe, unapewa kile kinachowaka na taa inazimika, unaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo kila kidonge ni uamuzi: uchukue spidi sasa hivi, au uvumilie vidonge vitano upate opsheni, lile dude linalong'aa ambalo haliuawi, linakufuata nyuma na kufyatua kila unachofyatua wewe? Kuvumilia maana yake ni kuruka na silaha dhaifu katikati ya risasi. Leza na risasi mbili navyo havikai pamoja, ukichukua kimoja kingine kinaondoka. Magemu ya siku zile yalikupa silaha ukaishukuru. Hili lilikuuliza unataka nini.

Pale kwenye milima ndipo wengi walipoishia, kwa sababu walifika na spidi tupu. Ukizidisha spidi chombo kinateleza mno, ukigusa pedi kidogo umeshajibamiza. Moja au mbili zinatosha. Na yale mawe yanapigika! Watu waliyakimbia kama mvua ya mawe ya Rungwe, kumbe ukiwa na leza na opsheni mbili, ambazo ndizo mwisho kwa toleo la Famicom, unayasafisha yakiwa bado juu. Mawe yakiisha linakuja dude kubwa linalopanda na kushuka likirusha miale minne. Lenga katikati, vunja kuta zake moja moja mpaka ufike kwenye kiini.

Ukivuka hapo utaona ambacho banda zima la Uyole halikuona: steji ya tatu ina vichwa vya mawe vya Kisiwa cha Pasaka, vinatema pete. Na mwisho kabisa kuna ubongo mkubwa ambao haukupigi hata risasi moja.

SWALI: Fundi, tuna ubishi hapa kijiweni. Mwenzetu anasema ile kodi ya maisha 30, yaani ule mpangilio wa vitufe vya siri, haikuanzia kwenye Contra. Tuamulie.
Vijana wa Mafinga

JIBU: Mwenzenu yuko sahihi. Ilianzia kwenye hilihili Gradius. Kazuhisa Hashimoto wa Konami alikuwa kwenye kazi ya kulihamishia Famicom, akawa analijaribu na linamshinda. Akajiwekea njia ya kupewa silaha kwa mkupuo, na ikabaki humo gemu lilipotoka. Contra ya NES, yaani Famicom ya nje ya Japani, ilikuja nayo mwaka 1988, na humo ndimo ikatoa maisha 30. Hashimoto alifariki Februari 2020. Kwenye Gradius, simamisha gemu kwanza, kisha: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Tumieni B na A za kawaida, zile zinazojifyatua zenyewe zitawaharibia.

SWALI: Kaka, mwanangu ana miaka 11 na anapenda magemu ya zamani. Hilo Gradius unalolitaja kila mara nalipata wapi bila kununua mashine mbovu?
Mama wa Iringa

JIBU: Dada yangu, Konami walitoa mkusanyiko wao wa magemu ya sarafu mwaka 2019, Gradius limo, na unapatikana hata kwa kompyuta. Hilo ni toleo la mashine kubwa, opsheni zinafika nne. La Famicom lote lilikuwa kilobaiti 64, dogo kuliko picha nyingi unazotumiwa kwenye simu. Kijana aanze hivi: spidi moja, kombora, kisha akusanye avumilie mpaka opsheni ya kwanza, leza baadaye. Akifa asizime. Ajifunze kupanda tena kutoka chombo kitupu, na wewe kaa naye usiku mmoja umwone anavyofanya.