Taa ya pikipiki imefifia: niweke balbu ya wati 100?

SWALI: Fundi, nabeba abiria kati ya Ahero na Kisumu na mara nyingi narudi usiku. Pikipiki yangu ni ya 150 na balbu ya mbele imeandikwa HS1, 12V 35/35W. Siku hizi shimo silioni mpaka nimelikaribia kabisa. Muuza spea ananiambia niweke ya wati 100. Mwenzangu wa stejini aliweka LED, lakini inapepesa injini ikiwa chini, na madereva wa matatu wanampigia fulu kila wakikutana. Nifanye nini? – Mwendesha boda, Ahero

JIBU: Ndugu yangu, hiyo ya wati 100 usiiweke. Wati 35 kwa volti 12 ni karibu ampia 3. Wati 100 ni zaidi ya ampia 8, na zote zinapita katika waya zile zile nyembamba, swichi ile ile ya usukani na soketi ile ile ya plastiki. Soketi zilizoyeyuka namna hiyo tunaletewa sana. Kibaya zaidi ni joto linapobabua rangi ya fedha ya rifleta (lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu), kwa sababu hapo hata ukirudisha balbu ya kawaida, mwanga wa zamani haurudi.

Kabla hujailaumu balbu yako, angalia kama inapata umeme wake wote. Zungusha ufunguo bila kupiga kiki, kisha washa taa. Ikiwaka, inakula kutoka kwa betri. Isipowaka mpaka injini ingurume, na ikawa inang'aa kadiri unavyovuta mafuta, basi inakula moja kwa moja kutoka kwa magneto, yaani kile kifaa cha injini kinachozalisha umeme. Weka jibu hilo akilini, tutalihitaji kwenye LED.

Sasa tafuta fundi mwenye mita. Injini ikiwa inanguruma na taa inawaka, apime volti pale pale nyuma ya balbu, soketi ikiwa imechomekwa, halafu apime kwenye betri. (Kama ni ya magneto, mita iwekwe upande wa AC (umeme unaokwenda na kurudi), la sivyo namba itakayotokea haina maana, na kipimo cha betri hakitakusaidia.) Tuseme betri ina 13.5 na balbu inapata 11. Volti hizo mbili na nusu zimepotelea njiani: kwenye swichi yenye kutu, kwenye viungio vilivyoingia maji, na zaidi ya pote kwenye waya wa arthi unaofungwa kwenye chasisi. Balbu ya nyuzi haisamehe upungufu huo. Ikipata 10.5 badala ya 12, mwanga unashuka kwa zaidi ya theluthi moja, na unakuwa wa manjano kama wa kibatari. Kusafisha arthi kwa msasa na kubadilisha viungio ni kazi ya pesa kidogo, na mara nyingi mwenye pikipiki huenda nyumbani na balbu aliyokuja nayo.

Jambo la pili ni pale mwanga unapoangukia, na nyinyi wa boda ndio mnaoumizwa nalo zaidi. Taa ikirekebishwa pikipiki ikiwa tupu, ukipakia abiria na gunia la mchele nyuma, mkia unakaa chini na taa inatazama matawi ya miti. Wewe huoni barabara, na anayekuja anapofuka. Kwa hiyo irekebishe ukiwa na mzigo. Simama mita 5 kutoka ukutani mahali tambarare, wewe umeketi na abiria wako nyuma, uwashe dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hivi chini ya kimo cha katikati ya taa yako. Kama springi za nyuma zina pete ya kukaza, zikaze kwanza.

Kioo nacho kifute kila jioni, hasa wadudu wa ziwani wanapotoka kwa wingi. Wakikaukia pale wanameza mwanga mwingi.

Ukishafanya hayo, ndipo ununue balbu mpya, maana nyuzi huchoka na glasi huingia weusi ndani. Chukua HS1 35/35W ile ile, ya kampuni inayojulikana, yenye herufi E ndani ya duara kwenye kitako. H4 ya 60/55W inafanana nayo sana, na wauzaji huilazimisha iingie, lakini inavuta karibu ampia 5 na magneto nyingi za pikipiki ndogo haziwezi kuihudumia injini ikiwa chini. Usiishike glasi kwa vidole: mafuta ya ngozi huifanya ipate joto sehemu moja na kupasuka. Ukiigusa, ifute kwa spiriti. Na kile kifuniko cha mpira cha nyuma kirudishe vizuri, mvua isiingie.

LED ya mwenzako inapepesa kwa sababu, kwa dalili hizo, taa yake ni ya magneto. Umeme huo unakwenda na kurudi. Uzi wa balbu ya kawaida hubaki na moto katikati ya mapigo, lakini LED huzima papo hapo. Dawa ni kuihamishia taa kwenye betri, na magneto ibadilishwe njia yake ili iweze kuichaji betri ipasavyo. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme, si ya kuunga waya stejini. Fulu anazopigiwa zina sababu nyingine: vipande vya LED vinatakiwa vikae pale pale uzi wa balbu ulipokuwa, vikitazama kushoto na kulia. Vikipishana hata kwa milimita chache, rifleta inatawanya mwanga kila upande. Aiwashe mbele ya ukuta kwa dimu. Asipoona ukingo unaotenganisha mwanga na giza hata baada ya kuizungusha, airudishe dukani.