Mvumbuzi, mgunduzi au mpelelezi?

SWALI: Natafsiri maelezo ya bamba la shaba lililoko ghuba ya Kealakekua, Hawaii, karibu na mahali alipouawa Kapteni James Cook mwaka 1779. Nimeandika: "Kibao cha shaba kilichochongwa kumwadhimisha mvumbuzi wa Hawaii." Mwenzangu anasema "mvumbuzi" si sahihi, niandike "mgunduzi". Nani amepatia?

JIBU: Kwa hapa, hakuna aliyepatia. Siku hizi kuvumbua tunakutumia zaidi kwa kitu kipya kilichobuniwa: mtu huvumbua mtambo au dawa. Kugundua ni kubaini kitu kilichokuwepo ila hakijajulikana, kama daktari anavyogundua ugonjwa. Sasa Cook alipofika Kauai, kimojawapo cha visiwa vya Hawaii, Januari 1778, alipokewa na watu waliotoka ufukweni kwa mitumbwi yao. Mababu zao walikuwa wameivuka Pasifiki karne nyingi kabla yake. Visiwa vilikuwa na wenyewe, nao walivijua. Ukiandika "mgunduzi wa Hawaii" umewafuta watu hao kwa neno moja, na hilo mimi siwezi kulipitisha.

Neno lako ni mpelelezi. Najua wengi hulikwepa kwa kuwa linawakumbusha polisi, lakini vitabu vyetu vya historia vimelizoea siku nyingi: wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara. Na kwa Cook linakaa barabara kuliko unavyodhani. Safari yake ya kwanza, mwaka 1768, ilitangazwa kuwa ya kwenda Tahiti kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Kumbe alikuwa amekabidhiwa pia maagizo ya siri ya jeshi la majini la Uingereza: akimaliza, aelekee kusini kutafuta bara lililodhaniwa kuwa huko. Huko ndiko kupeleleza hasa. Ukihofia msomaji atawaza mambo ya jinai, tanguliza "baharia".

Yapo mengine. Kuadhimisha ni kwa siku au tukio; mtu huenziwa au hukumbukwa. Kibao kinaeleweka, ila asili yake ni ubao, kwa hiyo kwa madini napendelea bamba. Shaba inatosha, maana hata medali ya mshindi wa tatu ni ya shaba. Pakihitajika kutofautisha, kamusi zinatupa "shaba nyeusi", yaani shaba iliyochanganywa na bati.

Kitenzi "kuchonga" ndicho kilichonisumbua zaidi. Kuchonga ni kuondoa: unapunguza mti au jiwe hadi umbo litokee. Bamba la namna hii kwa kawaida huyeyushwa, likamiminwa kwenye kalibu, na herufi zikatoka zimetuna, ukipitisha kidole unazisikia. Kazi hiyo ina kitenzi chake kizuri ambacho tumekiacha kilale: kusubu. Bamba limesubiwa.

Mimi ningeandika hivi: "Bamba la shaba la kumkumbuka nahodha James Cook, baharia mpelelezi wa Uingereza, aliyeuawa karibu na hapa tarehe 14 Februari 1779."