Ekzosi moja au mbili? Anza kuhesabu kwenye injini

Wiki hii karibu kila ujumbe niliopokea ni wa ekzosi. Nimechukua maswali sita.

Nina Altezza RS200. Nikiweka ekzosi mbili nitaongeza nguvu? (Dodoma)

Hapana. Injini yako ya 3S-GE ina silinda nne kwenye mstari mmoja, na moshi wa zote nne unakutana mapema kabla haujafika usawa wa kiti cha dereva. Ukishakuwa kwenye bomba moja, kuugawa tena huko nyuma unaongeza uzito wa chuma tu.

Juzi nililetewa Altezza yenye midomo miwili inayong'aa, mwenyewe analalamika gari halivuti tena. Nikaiwasha, nikaweka kiganja nyuma ya mdomo wa kulia: joto, moshi unasukuma. Wa kushoto: baridi, hakuna kitu. Tukaipandisha. Bomba la kushoto lilikuwa limechomelewa kwenye bampa, halijaungana na chochote. Lile la kulia fundi alilipinda kwa moto, kona ikakunjamana, njia ya moshi ikabaki nusu. Kijana wa watu alilipia mabomba mawili.

Wewe weka bomba moja la inchi 2.5, kona zipindwe kwa mashine isiyobana bomba, na sailensa inayopitisha moshi moja kwa moja. Kabla hujalipa, ingia chini ya gari uangalie mwenyewe.

Subaru Impreza ya turbo: inchi 3 moja, au mbili za inchi 2? Nataka na ule mngurumo wa Subaru. (Nairobi)

Moja ya inchi 3. Piga hesabu: uwazi wa bomba la inchi 3 ni inchi za mraba 7.07, mawili ya inchi 2 kwa pamoja ni 6.28. Utalipa zaidi upate njia nyembamba. Hata Impreza za STI, zile za mbio, za kuanzia 2008, zenye midomo minne nyuma, moshi wake unatoka kwenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye injini) kwa bomba moja, unagawanyika karibu na sailensa.

Mngurumo hautoki nyuma. Unatoka kwenye manifodi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ambayo mabomba yake hayalingani urefu, kwa hiyo moshi wa silinda za upande mmoja unachelewa kufika. Ukifunga manifodi ya mabomba yanayolingana, mngurumo unakufa, hata uweke sailensa ya bei gani.

Hujauliza, lakini sikia: ukifungua njia nyuma ya turbo, presha ya turbo inaweza kupanda kupita kiwango. Kompyuta ya gari ipangwe upya na mtu anayeijua, la sivyo utaua pistoni. Na Kenya mna kanuni za kelele tangu 2009. Waache watu wa mtaani kwako walale.

Si injini inahitaji moshi uzuiwe kidogo ili iwe na nguvu ya chini? (wengi)

Nimelijibu hili mara nyingi, na bado linakuja kila mwezi. Hakuna injini inayopenda kuzuiwa moshi. Inachotaka ni moshi uende kwa kasi, kwa sababu moshi unaokimbia unavuta nyuma yake ule uliobaki kwenye silinda. Bomba likiwa pana kuliko injini inavyohitaji, moshi unapoa na kuzubaa, ndiyo maana gari linakuwa goigoi kwenye mizunguko ya chini. Kosa ni kipimo cha bomba. Tafadhali wasomaji, tulimalize hili leo.

Mark X ya 2,500 cc, je? (Mwanza)

Hapa mbili zina maana. Hiyo ni V6, silinda sita, tatu kila upande, na kila upande una manifodi yake. Mabomba mawili yaunganishwe katikati kwa kiungo cha umbo la X ili pande zisaidiane. Utasikia hata sauti imetulia.

IST yangu ya 1300, ekzosi mbili? (Morogoro)

Hapana. Nunua matairi mazuri.

Tangu fundi anitolee masega (kichujio cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi) na kubadili ekzosi, taa ya injini inawaka na mke wangu anaumwa kichwa kila akipanda gari. Nifanye nini? (Tanga)

Ndugu yangu, achana na taa kwanza. Kichwa kinachouma ndani ya gari baada ya kazi ya ekzosi kinaweza kuwa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Leo hii gari lisimame, mama apelekwe hospitali, na mueleze daktari habari ya ekzosi. Kisha fundi mwingine, injini ikiwa ya baridi, awashe gari nje mahali pa wazi, azibe mdomo wa bomba kwa tambara kwa muda mfupi na kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kila alipochomelea mwenzake. Panapotoa mapovu panavuja. Akague na raba za buti na matundu ya sakafu. Masega yarudishwe, na taa nayo itazimika kama sensa inayopima moshi ni nzima. Mpaka hapo asipande mtu, hata kwa safari ya sokoni na vioo wazi.